Sikio la Mume wa Kwanza

Leo tena Mama Efrosini Kagoya kaniletea ile picha,
kaiviringa kwenye shuka, kaibeba kichwani kutoka sokoni Jinja.
"Fundi, huyu mwanamume mbandue," anasema,
kama anayezungumzia plasta.
"Mwili uache. Suti bado nzuri. Nibadilishie kichwa."

Kichwa cha kwanza kilikuwa cha Kisambira mwenye duka,
aliyekutwa amekufa bafuni, sabuni ingali mkononi.
Cha pili, Balikowa, kijana wa mashine ya kusaga,
aliyependwa sana, akashikwa na kifafa,
akamkimbilia Mungu na godoro lake.
Sasa ni zamu ya Tenywa. Picha yake ya pasipoti ninayo mfukoni:
masikio yamesimama kama mikono ya sufuria.

Rangi nilijifunza Namungoona, kwa Padre Anastasi,
kupiga kiini cha yai, kulaza dhahabu kwa pumzi.
Siku moja ya mvua alitufungulia kitabu kilicholowa pembeni:
ukuta wa Konstantinopoli, vijiwe vinavyong'aa,
Kristo katikati, Malkia Zoe upande wa kulia,
na upande wa pili mfalme, ameshika mfuko wa fedha.
"Tazameni shingo yake," alisema Padre. "Mnaona mshono?"
Waume watatu walipita kwenye kiti kile.
Joho lilisubiri. Kichwa ndicho kilichokuja na kuondoka.

Zoe alizaliwa, alituambia, katika chumba cha mawe ya zambarau.
Kagoya alizaliwa Bugembe, chumba cha udongo,
ila ulikuwa msimu wa zambarau,
na mkunga alimpokea kwa vidole vilivyotoka kuchuma.
Nani atanibishia?

Zoe alichemsha manukato chumbani kwake, mkaa mchana kutwa,
wajakazi wakitoka jasho.
Kagoya huyeyusha mafuta ya muyao nyuma ya kitanda,
huyatia karafuu, huyauza kwa vikopo;
nusu ya maharusi wa Busoga wamenukia jiko lake.

Na mpwa wa Balikowa, aliyemlea kwa uji wake mwenyewe,
ndiye aliyemnyoa nywele usiku,
akampakia mtumbwini hadi Buvuma,
akabadilisha kufuli za duka.
Zoe naye alinyolewa, naye alipelekwa kisiwani,
na mwana wa kupanga.
Siku zile, wanasema, wanawake wa mji ule walitoka
hata wale ambao jua halikuwahi kuwaona,
wakiuliza barabarani: Yuko wapi mama yetu?
Hapa Jinja walitoka wauza mukene.
Walifunika meza zao, wakakodi mitumbwi minne,
wakarudi naye kichwa wazi, kipara kinang'aa,
na yule mpwa hadi leo
hapiti njia ya samaki.

Nakwangua. Balikowa anatoka kwa vumbi la kahawia,
kwanza masharubu, kisha ile huzuni yake.
Chini yake, upande wa kushoto,
lachomoza sikio.
La Kisambira. Mara ile sikulifuta vizuri.
Uvivu, au labda woga.

"Mama, hapa pana sikio la zamani."
Anasogea, ananukia karafuu. Anatazama kwa muda mrefu.
"Liache," anasema. "Huyo alikuwa akisikia.
Hawa wengine walikuwa na masikio tu."

"Na uso wako? Nikuongezee miaka kidogo, mlingane?"
Nakumbuka Padre: hata uso wa Zoe ulibanduliwa ukapangwa upya,
na hakuna ajuaye kwa hakika ni nani
aliyeuogopa ule wa kwanza.
Kagoya anacheka, pengo lake limekaa mbele kama mlango.
"Mimi niguse uone."

Halafu ananyoosha kidole kwenye mfuko wa fedha
niliomchorea Kisambira zamani, mkononi, kwa kumwiga yule mfalme.
"Tenywa hana hata nauli. Huo uhamishe."
"Niupeleke wapi?"
Ananiangalia kama mtu aliyeulizwa jua huchomoza wapi,
kisha anaanza kunipunguzia bei:
elfu themanini, kwa kichwa kidogo hivyo?
Na sikio moja tayari lipo.