Bonyeza, Usikie

Vishikwambi vinne, watoto arobaini na mmoja,
darasa la tatu, Kisauni, feni imekufa tangu Machi.
Kwenye kioo, picha ya ndoo iliyojaa.
Bonyeza, sema, usikie ulivyosema.

Kahindi hakungoja. "Madzi!"
Sauti yake ikamrudia,
akageuka kutazama mlangoni
kana kwamba kaka yake ameingia.
Rukshana akatia la jikoni kwa nyanyake,
"pani", akauficha uso kwa daftari.

Hodan, muhula mzima,
alikuwa akinijibu kwa nyusi.
Fungua mdomo, mwanangu, nilimwambia, nikachoka,
nikaandika kwenye ripoti: hashiriki.
Leo kakivuta kishikwambi chini ya dawati,
kajifunika ushungi,
na nikasikia kitu kidogo, kama tone:
"Biyo."

Wakalibonyeza. Wakalibonyeza tena.
Mara kumi na tisa, nilihesabu,
mpaka bando likaisha
na kioo kikabaki na kiduara
kinazunguka, kinazunguka, hakifiki.
Nikasema, haya, madaftari.
Hakuna aliyefungua.

Saa nne, kwenye tangi,
maji ya kisima, yale ya chumvi,
kikombe kimoja cha plastiki, foleni hadi chooni.
Kahindi kashika bomba kama askari:
"Wataka nini?"
Asiyesema biyo hapati.

Nami nilikuwa na kiu.
Nikapanga foleni, nikafika, nikasema.
Hodan, kando ya bomba, akatikisa kichwa.
"Si bio. Biyo.
Fungua mdomo, mwalimu."