Wafu Wanasubiri Mlio

Mwaka jana tuliaibika.
Nilinunua baruti ya bei poa, chembe kama mtama uliopaazwa ovyo,
ndugu ya ile wanayopasulia mawe machimboni,
na amri ilipotoka, bunduki ishirini na tatu kwa pamoja
zikakohoa.
Moshi ulikuwepo, moshi wa kufukiza kanisa zima.
Mlio, hamna.
Ng'ambo ya shamba la viazisukari Warusi wetu wakasimama,
wakatazamana:
afe nani, na afe saa ngapi?
Přemysl, daktari wa meno, aliyekwisha kuchagua nyasi kavu za kuangukia,
alibaki na mguu mmoja juu kama korongo.
Watoto walicheka hadi soseji zikawadondoka.

Basi Novemba hii nimepanda basi hadi Vyškov
kwa Bi Hedvika, mwenye duka lisilo na dirisha.
Hatoi maneno kabla ya moto.
Uani anatandika karatasi mbili nyeupe, kibano kimoja hapa, kimoja pale,
anawasha.
Ya kwanza inaacha masizi, mafuta, na madoa kama nzi waliokanyagwa.
Ya pili:
fuu!
na karatasi imegeuka manjano tu, kama jino la mvutaji.

"Bunduki yako haina cha kusukuma," anasema.
"Risasi ndiyo humkaba moto mpaka akasirike.
Wewe huna risasi.
Chembe kubwa zitatoka mlangoni zingali na usingizi."
Na iliyo laini kabisa?
"Hiyo ni ya kisahani, chini ya jiwe. Ukiishindilia mtutuni
kamuulize Zdislav nyusi zake zilikwenda wapi."
Basi ya katikati. Kavu. Nyeusi ya kung'aa kidogo.
Nikataja bei moyoni, nikautaja na mshahara wa mwalimu wa hesabu,
vikakataa kusalimiana.
Nikalipa.

Usiku nimelizima jiko, nimevaa koti ndani ya nyumba yangu mwenyewe.
Mizani ya shaba. Kijiko cha pembe.
Karatasi ni mitihani ya kidato cha pili:
sehemu za Radka, ambaye hujumlisha juu kwa juu, chini kwa chini,
tangu Septemba, bila kutubu.
Nazungusha kosa lake kwenye kijiti, namimina,
nakunja mkia.
Moja. Kumi. Mia na arobaini.

Kinachonikereketa ni hiki:
nimesafiri, nimepima, nimechagua, nimejinyima,
ili nipate hasira isiyomgusa mtu.
Debe tupu, lakini livume sawasawa.
Waliosimama kwenye shamba hili kwa kweli
hawakuulizwa wanapenda chembe gani.
Waliing'ata karatasi, wakameza chumvi yake, wakakaa na kiu.
Jembe la Bohdan bado huwafukua, si wao, risasi zao;
anazo kwenye chupa ya jamu, juu ya friji,
na ukiinyanyua chupa ile mkono unashuka wenyewe.

Desemba. Baridi ya kukatika masikio.
Jiwe la gumegume likaguna, cheche, kisahani,
halafu mlio
kama mlango wa ghala uliobamizwa na mtu aliyeapa harudi tena.
Kunguru wote wakahama mipopla.
Nikaona safu ya mbele ikilala chini, kila mtu kwa wakati wake,
na makosa ya Radka yakielea, yakiwaka pembeni, yakizimika.

Tulipopita juu yao, amri ikiwa bado ni ya kusonga,
Přemysl alifumbua jicho moja.
"Mwalimu. Umebadilisha baruti?"
"Nimebadilisha."
"Nimeisikia hapa," akajigusa kifungo cha tatu.
"Mwaka huu nimekufa kwa sababu."

Akalifumba jicho.
Theluji ikaanza, ndogondogo, ikamtua kwenye kope,
naye, labda kwa heshima ya bei niliyolipa,
hakuipangusa.