Upande wa Kushoto

Jumapili ya mwisho wa mwezi, juu ya duka la fremu la Kassamali,
tunavua viatu, tunatandaza magazeti sakafuni,
kila mtu anaweka chini picha yake moja.
Sharti ni hili: mwenye picha hasemi.
Anakaa kama mwali, anasikiliza akisemwa.

Hapa mgema hasifiwi.
Tembo lake huonjwa, hutemwa,
ndipo aulizwe mnazi gani.

Shebwana ameleta mikoko ya Tudor, maji yametoka,
mizizi imesimama topeni kama vidole vinavyohesabu deni.
"Anga imeungua," anasema Nyevu, hapepesi.
"Mawingu umemkopesha nani?"
Tunacheka. Shebwana anaandika.

Nyevu naye ana timbo la Jomvu,
ukingo wa mawe umekatika kama mkate wa jana.
Tunaigeuza juu chini. Bado inasimama.
Sifa kubwa kuliko hiyo hatuna.

Kisha yangu.

Nyumba ya Kuze, matumbawe na chokaa. Paa lilikwenda zamani,
boriti moja imebaki, imenyooka hewani
kama mkono wa mtu aliyesahau alichokuja kuomba.
Vidaka vitano ukutani, vitupu.
Katika pozi thelathini na sita nilimaliza kumi na tisa
nikingoja jua lipite kwenye dirisha lisilo na dirisha.
Mkanda niliusafisha mwenyewe, usiku, chooni, taulo chini ya mlango,
mke wangu akibisha:
"Hao wafu wako hawajaisha kuoga?"

"Weusi wake mzuri," alisema Kassamali. "Lakini kushoto pana uchafu."
"Kata," akasema Nyevu.
"Kata," akasema Shebwana, akifurahi kuwa si yeye.

Kushoto: kamba. Sare ya shule.
Soksi mbili, moja imegeuzwa ndani nje.
Ndoo, ambayo ni ya manjano, ila hilo nalijua mimi tu.

Ile kamba niliiona, sikatai.
Nilirudi nyuma hatua mbili kuikwepa, ukuta ukanizuia.
Nilitaka gofu. Nilitaka kimya cha miaka mia,
na ile soksi ilikuwa inapiga kelele.

Kassamali akalaza kadi nyeupe juu ya kushoto,
taratibu, kama anayefunika maiti,
na picha ikawa nzuri. Wallahi ikawa nzuri.
Ikawa ya kalenda.

Mwanakheri alijiunga mwezi jana, na kamera ya marehemu babake;
sauti yake hatukuwa tunaijua.
Aliiinua kadi kwa ukucha.
"Gofu ni nyumba isiyofuliwa nguo," alisema.
"Ulipiga siku gani? Saa ngapi?"

Mwenye picha hasemi.
"Jumanne," nikasema. "Saa tatu asubuhi."

"Basi ana sare mbili,
au siku hiyo hakwenda shule."

Chini, msumeno wa fundi ulikuwa unakata pembe.
Hapana aliyemsaidia mwingine kumeza mate.

"Na mwanga," aliongeza, sasa kwa sauti ya kazi,
"umeupima kwenye ukuta.
Ungeupima kwenye soksi."

Jumanne nilirudi na mkanda mpya.
Mama mmoja alitoka na povu viwikoni,
akaitazama mashine iliyo mkononi mwangu:
"Umetumwa na nani kupima kiwanja?"
"Napima mwanga."
Akaniangalia kama aangaliwavyo mtu aliyedondosha nauli,
kisha uso ukalegea, akaifuata kamba.
"Ngoja nianue hizi, zisikuharibie."

Nikafungua mdomo. Nikalikumbuka sharti letu,
na kati yetu wawili sikujua
mwenye picha ni nani.