Ruhusa

Naipiga pasi namba kumi na saba mara ya pili,
ingawa haina mkunjo.
Duka langu liko Ruwi, nyuma ya masonara,
ngazi tatu chini ya barabara;
kiyoyozi kinadondosha maji ndooni
kama refa atazamaye saa.

Jina lako, Mundhir, nililibandika Jumatano.
Nukta ya dhali hunisumbua miaka yote:
joto likizidi inaungua, likipungua inabanduka,
na bila nukta hiyo mgongoni
anakimbia mtu mwingine.

Alhamisi Khalfani wa vifaa akapiga simu.
"Klabu imekataa. Ikunje."

Nimesomewa barua yao kutoka Doha.
Msuli wa paja. Dakika elfu mbili na mia nne tangu Agosti.
Kuna kidude wanakufunga kifuani
kinachojua moyo wako umechoka
kabla wewe hujajua.
Barua ina adabu, sikatai:
adabu ya mwenye nyumba anapopandisha kodi.

Na nisijidanganye.
Goti lako lilipopasuliwa, nani alilipa?
Si mimi. Si chama cha mpira.
Wimbo wa taifa haujawahi kumlipa daktari.

Baba yangu, babu yako Suwedi,
alicheza winga ya kushoto na kuuza stempu posta.
Ruhusa yake ninayo bado, kwenye kopo la biskuti:
siku tatu, bila mshahara, muhuri umekwenda upande.
Akarudi na kifundo kama papai bivu;
Jumamosi yuko dirishani, kasimamia mguu mmoja,
analamba stempu za watu.
Hakuna aliyemhesabia dakika.
Watu husema zamani kulikuwa na heshima.
Zamani kulikuwa na posta.

Mshika mbili moja humponyoka, tulifunzwa.
Hatukufunzwa habari ya mmoja
aliyeshikwa na wawili,
huyu kwa mkataba, huyu kwa kitovu,
kila mtu akiapa: mimi ndiye niliyemlea.

Jana mjukuu wangu Azzani, miaka saba,
ambaye hulala na jezi ya Ulaya, aliniuliza:
"Bibi, Oman ni klabu ya nani?"
Nilikuwa na pini mdomoni.
Zilinisitiri.

Labda mtoto anaona mbali kutuzidi.
Labda taifa litabaki kitu cha kukodiwa kwa saa,
kama ukumbi wa harusi kule Mawaleh:
taa zinawashwa, vigelegele vinapigwa, viti vinakunjwa
kabla ya saa sita, wenyewe wanataka ufunguo wao.
Labda. Mimi mshonaji, si mnajimu.

Usiku ukanipigia.
"Shangazi, uliiandika?"
Nikasema nimeiandika.
"Basi nitumie picha ya mgongo."
Nikatuma. Ukanyamaza. Nikasikia barafu
ikigongana kwenye ndoo uliyotia miguu.
Nilitaka kukwambia tikiti ya kuja Maskati
ni bei ya kiatu chako kimoja, cha kushoto.
Nikakwambia ule, ulale.

Asubuhi hii Khalfani ameniletea jina jipya:
kijana wa Ibri, anasoma chuo,
klabu yake haina hata basi;
ruhusa kapewa na mama yake.
Nabandua herufi zako kwa mvuke, moja moja.
Zinatoka zote, isipokuwa nukta ya dhali,
ile ile isiyokaa siku zote.
Naikwangua kwa ukucha. Kitambaa kinaanza kuchakaa.
Naiacha.

Juu ya namba kumebaki kivuli cha jina.
La kijana wa Ibri ni fupi.
Halikifuniki chote.