Tikisa Kabla ya Kutumia

Miaka kumi na mmoja, dirishani hapa Kariobangi,
niliandika kwa kalamu ya buluu kwenye vibandiko:
kijiko kimoja, kutwa mara tatu.
Sikuuliza hata siku moja, kijiko kipi.

Kijiko cha chai kina ukoo mkubwa.
Kipo cha harusi, kipana, kinachokaa kabatini,
kipo cha Gikomba, mpini umepinda,
kipo cha plastiki kilichokuja na mtindi,
na kile cha kuazima, ambacho ni cha supu
ila jirani hajui.
Ukoo mzima huo niliukabidhi mtoto
wa kilo tisa.

Siku hizi tunaletewa bomba.
Dogo, halina ncha,
limechorwa mistari kama rula ya darasa la pili.
Linakuja na kizibo chenye tundu,
kinachokaa shingoni mwa chupa kikabana kama kitovu.
Unachomeka, unapindua chupa miguu juu,
unavuta polepole,
kiputo unakigonga kwa ukucha, kinapanda,
unakirudisha kilikotoka, unavuta tena.
Hakuna tone mezani,
hakuna sisimizi wa saa nane usiku.

Lakini lugha yetu nayo!
Ya kushonea ni sindano, ya kuchoma ni sindano,
na hii ya kunyweshea nayo nikaiita vivyo hivyo,
na Muthiani, wa miaka mitatu,
akajitupa nyuma ya leso ya nyanyake
akalia kabla hajaguswa.
"Hii haichomi," nikasema, nikajitia maji ulimini.
Alinitazama kama mtu anayehesabu chenji yake.

Bi Nthenya hakucheka.
Aliliinua bomba kwenye mwanga,
akalisogeza mbali, karibu, mbali tena.
"Hii mistari umeichora kwa unywele?"

Ana watoto wa jicho wawili, kulia na kushoto,
na huyu wa tatu, aliyeachiwa na bintiye,
mwenye kifafa.
Dawa yake mililita mbili na nusu, asubuhi na usiku.
Ikipungua, mtoto anaanguka.
Ikizidi, anazama usingizini, na kumwita ni kazi.
Na stima ya huku kwetu unaijua.

Nilikuwa na maneno mengi, niliyasomea.
Yeye akaniomba wembe.

Alivuta kijiti cha bomba hadi niliposema hapo,
akaulaza wembe pale kijiti kinapotokea mdomoni mwa bomba,
akakata. Pengo dogo, la jino la maziwa.
Kisha akafumba macho.
Akasukuma, akavuta,
ukucha wa gumba ukatembea juu ya kijiti, ukitafuta,
ukaingia pengoni: tk.

Nikasoma. Mbili na nusu.

Tena. Mbili na nusu.
Mara tano, macho yamefumbwa,
na foleni nyuma yake imetulia,
hata yule aliyefuata dawa ya kikohozi
alisahau kukohoa.

"Mama alitupimia mtama gizani," akasema,
akifunga bomba kwenye pindo la leso.
"Kibaba kilikuwa na ufa ubavuni. Kidole kiliujua."

Sasa droo yangu ina wembe, ina rangi ya kucha nyekundu,
na kibandiko hakitaji kijiko tena.
Nauliza mambo ambayo mwalimu hakunifundisha:
nani atashika chupa? Taa ipo?
Wengine hukasirika, wanadhani ninawachunguza.

Bi Nthenya hurudi kila mwezi.
Nikimpa bomba jipya hulirudisha kaunta,
halina jino, anasema, halijui kuongea.
Chupa huitikisa karibu na sikio,
ananisomea yaliyobaki:
"Siku mbili. Na ya kesho asubuhi."
Muthiani anapanua kinywa, bila kuambiwa,
hata kwa chupa ya mtu mwingine.