Nguzo ya Thelathini na Moja

Kwenye transfoma ya Kivule mita yangu inasoma
volti mia mbili thelathini na nane. Hapa hakuna mwenye neno.
Mwenye duka la vifaa amewasha feni mbili,
na moja haimpulizi mtu.

Nashuka bondeni nikihesabu nguzo.
Ya saba, mia mbili ishirini.
Ya kumi na tisa, mia mbili kasoro mbili.
Ya thelathini na moja, saa mbili usiku,
mia moja sabini na nne,
na hapo ndipo anapokaa Bi Sikudhani
na friza lake linalokoroma bila kugandisha.

Akanipa barafu ya ubuyu iliyokuwa uji.
"Mnasema umeme upo," akasema.
"Upo kama mgeni aliyefika kizingitini
akagoma kuingia ndani.
Na uniti nanunua bei ile ile ya huko juu."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na daftari.

Jumapili nikapanda paa la sekondari, jirani na transfoma:
paneli arobaini na nane, madarasa matupu,
jua la saa saba linamiminika kwenye waya
ambao tayari umeshiba.
Mia mbili hamsini na tano. Inveta ikajizima, tii,
na jua likaendelea kuchoma vioo
kama mtu anayegonga nyumba iliyohamwa.
Mmoja kavimbiwa mchana,
mwingine anapiga miayo usiku,
na chungu ni kimoja.

Mhandisi Kisanga akasema: ongeza paneli.
Nikasema: mzee, tatizo si uchache. Ni mahali.
Nikamchorea nyuma ya fomu ya likizo:
nusu zihamie paa la zahanati, nguzo ya ishirini na saba,
na betri ya kulitunza jua mpaka isha;
na kapasita hapa, ya ishirini na mbili.

"Kapasita inazalisha nini?"
Haizalishi hata uniti moja.
Ni yule anayeshika ngazi mwenzake akipanda:
kwenye karatasi ya malipo jina lake halimo,
lakini aachie tu,
mtaa mzima utasikia kishindo.

Miezi tisa ya mihuri.
Kapasita ya kwanza ilikuja imepasuka.
Ya pili tuliifunga Alhamisi, mvua ikinyunya,
Nkwabi juu ya nguzo akiimba pambio bila kujua maneno yake.

Usiku nikarudi bondeni peke yangu.
Mia mbili na kumi na sita.

Bi Sikudhani hakushukuru.
Alitoa barafu, akaigonga ukutani,
ikalia kama jiwe. Akaigonga tena.
Kisha akaitazama mita mkononi mwangu.
"Stahili yangu ni ngapi?"
Mia mbili thelathini, nikasema.
Akahesabu kwa vidole, taratibu, mpaka mwisho.

"Na hizo kumi na nne," akauliza,
"zimeishia kwa nani?"