Jiwe Nalo Linywe

Hmayak hukohoa kabla jogoo hajawika.
Ndiyo saa yangu ya ukutani.
Nje theluji ya Aragatsi imelala hadi kizingitini;
nawasha jiko la kuni, nachota asali,
navunjavunja vikonyo vya zaatari
niliyoichuma Juni, kwa magoti,
kwenye mteremko wenye nyuki wengi kuliko watu.

Mama mkwe alinirithisha kipimo:
konzi moja kwa birika, asali vijiko viwili,
usikoroge kwa chuma,
na mwambie ainame, mvuke umwingie.
Miaka kumi na tisa nimemwinamisha.
Koo hulainika, ndiyo. Kifua hulegea.
Kisha huingia bandani, hushika patasi,
na jioni hunirudia mwekundu hadi kope,
kama aliyepakwa mdalasini.

Ndilo jiwe letu hapa Artik.
Tumelijengea kanisa, shule, na choo cha shule.
Ni jepesi, ni sikivu kwa patasi,
ndiyo maana hupeperuka.
Nyumbani kwetu vumbi halifagiliwi, huhamishwa tu.
Nimelikuta ndani ya mkate.
Nimelikuta ndani ya saa yake ya mkononi,
iliyogoma saa nne na dakika sita.

Daktari Nvard aliibandika eksirei dirishani,
mwanga wa Gyumri ukapenya mbavu za mume wangu.
Nikaona chembe nyeupe,
kama ngano iliyomwagwa na mtu mwenye haraka.
Nikauliza: niongeze zaatari?
Hakunicheka. Nilimpenda kwa hilo.
"Chai ni ya koo," alisema, "mpe, usiache.
Kilichotua kule chini hakiyeyuki kwa asali.
Tulichobakiwa nacho ni kuzuia kingine kisiingie.
Avae barakoa ya kubana, si kitambaa.
Na jiwe lilowe. Jiwe kavu asiliguse."

Kinga ni bora kuliko tiba, watu husema,
kana kwamba kinga haibani pua,
haiachi alama shavuni, haimwaibishi mtu mbele ya wenzake.
Barakoa aliitundika msumarini
kando ya picha ya baba yake, aliyekohoa naye.
"Nikiivaa silisikii jiwe.
Na mpira wa maji umeganda tangu Novemba.
Nililoweshe kwa nini, kwa machozi?"

Jumanne ile nilimpelekea birika bandani.
Nilikuwa na hasira, sitadanganya.
Alikuwa akichonga msalaba wa kaburi la Gegham,
mchongaji mwenzake, miaka hamsini na miwili, kifua.
Ukungu mwekundu ulijaa,
mwanga wa dirisha umesimama humo kama nguzo.
Nikakipita kikombe chake.
Nikampita yeye.
Nikalimwagia jiwe.

Yote: zaatari, asali, mvuke.
Jiwe lilikunywa kwa sauti ndogo,
likageuka rangi ya ini.
Hmayak alifungua kinywa anigombeze,
lakini mkono, kwa mazoea, ulitangulia kugonga,
na vumbi halikuruka.
Lilianguka. Tope dogo, zito, lenye harufu ya mlima.
Akagonga tena, taratibu,
kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua.

"Asali hiyo itatuletea sisimizi," alisema hatimaye.
"Kesho maji matupu."

Siku hizi nachemsha mabirika mawili,
moja la koo lake,
moja, lisilo na kitu ndani, la jiwe.
Mezani huja na michirizi miwili mashavuni, ya barakoa,
nami najifanya siioni.
Bado hukohoa kabla ya jogoo.
Nayahesabu makohozi gizani; sijui kama yamepungua
au ni mimi ninayehesabu kwa huruma.

Aprili, theluji ilipoondoka,
nilikuta sisimizi wamefika kweli,
mmoja nyuma ya mwingine,
wakifuata mchongo wa msalaba wa Gegham
hadi kwenye kona yake ya mwisho,
mahali patamu.